Nyemo na Katuni za Msimu wa Bunge

Vitabu vile vilinuka samaki. Mjomba Elia, dereva wa mbunge mmoja, alivipakia mkoba mmoja na samaki wa kukaanga kutoka Dar es Salaam, na alipoufungua sebuleni kwetu Miyuji tulivirukia hata kabla ya kumwamkia. Vilikuwa vitabu vya katuni vya Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, hadithi moja ndefu isiyoisha: msichana mwenye upanga uliovunjika anatembea na jitu kipofu, wakiutafuta mji ulio juu ya mawingu. Mjomba alikuja Dodoma Bunge linapokaa tu, kwa hiyo dada yangu Nyemo akawa mtoto pekee mtaani aliyefuatilia ratiba ya Bunge. "Bunge linaanza lini?" aliwauliza hata wageni. Majirani wakasema huyu atakuwa waziri. Waziri wa nini! Mwenzao alikuwa anangoja katuni.

Kitabu cha kwanza tulikisoma kinyume. Nani angetuambia kuwa Wajapani huanzia kulia? Tulianzia upande tuliouzoea, tukaona wafu wanaamka, vidonda vinajifunga, nyumba zinatoka motoni zikiwa nzima, tukasema ama kweli hii ndiyo hadithi. Mjomba alipotuonyesha njia yake, Nyemo alinuna kutwa nzima. "Kumbe wanakufa!" alilalamika. Hata hivyo hakuacha. Kiingereza alikijua yeye. Mimi nilijibanza ubavuni pake anitafsirie, na lile jitu akalizungumzisha Kigogo kizito cha babu yetu, nikacheka mpaka mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba hayo mapicha yatatutia wazimu.

Nyemo alikuwa na selimundu. Maumivu ya mifupa yalipomkamata hakutaka kushikwa wala kupewa pole; alitaka nimfungulie kurasa. Mimi nilipenda vita. Yeye alipenda pale msichana anapochoka, anakaa chini, analia, kisha anainuka bila kubembelezwa na mtu. "Huyu ananijua," aliniambia. Na kila kitabu kilikatika pabaya. Cha mwisho tulichosoma pamoja kilimwacha msichana kwenye lango la mji ule, mkono uko kwenye komeo. Bunge la bajeti likaahirishwa, Mjomba akarudi Dar. Nyemo akalazwa, akatoka, akalazwa tena. "Mwambieni Mjomba asingoje Bunge," alituagiza. "Nataka kujua kama anaingia." Mama akamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Jamani, wapo wanaovumilia na hizo mbivu wasizione.

Mjomba hakungoja Bunge. Alipanda basi, akafika alasiri yenye upepo na vumbi, akakuta turubai limefungwa uani na watu wanalia. Kitabu alikuwa nacho mkononi. Alisimama nacho asijue ampe nani. Mama, ambaye hakuwahi kuvipenda vitabu vile, alikipokea, akanipa mimi. "Msomee," alisema. Nikakaa kando ya jeneza nikakifungua. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha na machozi yalinizuia hata kuziona picha. Nilitamka tu maneno, moja baada ya jingine, bila kuyaelewa, mbele ya shangazi zangu wote, na hakuna aliyenikatisha. Nilipomaliza, mama alikichukua akakilaza ubavuni pa mwanawe.

Siku hizi wakubwa wanaishi Dodoma mwaka mzima, na mashamba tuliyoyajua yameota ghorofa. Hadithi ile imekwisha zamani, na yote imo kwenye simu. Hakuna mtoto anayemngoja mjomba. Naona ni vizuri, na inaniuma. Binti yangu ameisoma likizo hii, kajilaza kwenye kochi letu hapa Ipagala, mwanzo hadi mwisho. Juzi alinifuata jikoni nikiwa nasonga ugali, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mama, nikwambie ilivyoisha? Pale langoni..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Usiniambie," nikamwambia. "Mama yako mkubwa hajajua."