Ugonjwa Usio na Mstari

Miaka ile wagonjwa walipoanza kuchangia matibabu, nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja Sumbawanga mjini. Nilihamisha magonjwa kutoka kwenye kadi za wagonjwa kwenda kwenye rejista kubwa, kila ugonjwa na mstari wake. Kutetemeka hakukuwa na mstari. Palikuwa na "Mengineyo", ila wakubwa wakiona Mengineyo yamejaa walikuja juu, kwa hiyo waganga waliukwepa mstari huo kama ukoma.

Baba alikuwa katekista kule Kasense. Mikono ilianza kumtetemeka hadi chaki ikawa inamponyoka mbele ya watoto wa komunyo. Nikampeleka kwa mganga wetu pale hospitalini.

"Shikamoo, mzee. Pombe ya ulezi unakunywa sana?"

"Marahaba. Sijawahi kuionja, bwana mganga. Hata mama yangu alitetemeka hivi hivi."

"Huko kwenu wote mnasema hivyo." Akaandika ulevi kwenye kadi, kwa Kiingereza cha kukwaruza ambacho baba hakukielewa.

Baba alipotoka nikabaki kubishana. "Kwa nini usiandike kutetemeka?"

"Hiyo ni dalili, dada, si ugonjwa. Rejista inataka ugonjwa."

Kumbe baba alikwenda moja kwa moja parokiani na ile kadi. Watu walishaanza kumsengenya kuwa ni mlevi, naye aliamini karatasi ya hospitali itamtetea. Paroko akaisoma. Jumapili iliyofuata alisimama katekista mwingine. Nilimchukia yule mganga, na mpaka leo namchukia.

Msimu wa kuvuna ulezi, jirani aliita watu wamsaidie shambani, na jioni pombe ikatolewa kama ilivyo kawaida yetu. Wakamtania baba: "Kunywa tu, mwalimu, si umeshaandikiwa?" Akanywa, kwa uchungu tu. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Kabla hajamaliza kata ya pombe, mikono ilitulia tuli, kama ya mlevi aliyepata kinywaji chake cha asubuhi.

Miaka mingi baadaye daktari bingwa alinieleza kwamba upo mtetemeko wa kurithi ambao pombe huutuliza kwa muda, kisha unarudi. Jioni ile hatukuwa na wa kutueleza.

Baba aliitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "basi yule mganga hakunionea."

Tangu hapo alikunywa kila siku, akiiita dawa, mpaka tulipomzika.