Kamba ya Mwisho ya Fundi Tumpale

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya tarehe 23 Desemba 1992, kibaraza cha duka la Nsajigwa pale Ipinda tayari kina wanawake watano. Hawakuja kununua kitu. Wamekuja kukaa. Wameketi kwenye ngazi, matope ya majaruba yamewakaukia hadi magotini, na macho yote yako kwenye sindano ya cherehani moja.

Cherehani hiyo ni ya Tumpale, mama wa watoto wawili, aliyekuwa fundi kwa miaka kumi na mitatu. Anakanyaga bila kuinua uso. Pini mbili ameziuma mdomoni.

“Ugonile, fundi,” anasalimia mwanamke wa sita, akikunja mwavuli. “Gauni langu limefika wapi?”

“Lina mkono mmoja.”

“Na wa pili?”

“Unakuja.”

“Unakuja leo, au unakuja ile kesho yako?”

Ngazi nzima inacheka. Tumpale hacheki. Anatoa pini mdomoni, anazichoma kwenye kola ya blauzi yake, anaendelea kukanyaga. Zimebaki nguo tisa, na keshokutwa ni Krismasi.

Ipinda yote inamwita Fundi Kesho. Jina hilo hakulipata kwa uvivu. Hakuna anayewahi kibarazani hapo kuliko yeye. Alilipata kwa sababu hajui kumnyima mtu tumaini. Mteja akiuliza nguo yake itakuwa tayari lini, Tumpale humtazama usoni, huona anavyotaka kujibiwa, na humjibu hivyo hivyo.

“Nilidhani ni upole,” anasema. “Kumbe ni uongo wenye sauti nzuri.”

Miaka minne iliyopita kibaraza hiki kilikuwa na mafundi saba, na tatizo lao lilikuwa kitambaa. Mtu angeweza kupanga foleni ya duka la ushirika siku nzima akarudi na kipande kisichotosha kumfunika kuku. Siku hizi mipaka imefunguka, vitambaa vimejaa, na mitumba imejaa zaidi. Gauni la mtoto la mtumba ni shilingi mia mbili na hamsini. Tumpale akilishona anataka mia nne. Mafundi wamebaki watatu. Kinachowaweka mjini ni Krismasi, kwa kuwa wazazi wa huku bado wanaona haya kumpeleka mtoto kanisani siku hiyo na nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine.

Ndiyo maana Krismasi ya mwaka jana inamuuma. Usiku wa kuamkia sikukuu alikuwa na nguo saba hazijaguswa. Asubuhi kengele ilipolia hakwenda kanisani. Aliingia kwenye shamba la kakao la shemeji yake, akaketi chini kwenye majani makavu, akasikiliza kwaya yake mwenyewe ikiimba bila yeye.

“Mtu mzima nimejificha kama mwizi wa ndizi,” anasema. “Kila mtoto aliyepita barabarani nilimchungulia amevaa nini.”

Wateja wanne hawakurudi tena. Mwaka huu alijua kwamba akirudia, atabaki na cherehani ya kupangia vyombo.

Basi mwezi huu wa Desemba Nsajigwa, mwenye duka, alivuka mpaka wa nchi kwenda kwa wajomba zake Karonga na kurudi na majora ya kitambaa kimoja: bluu, maua meupe madogo. Ili auze haraka, alikikata vipande vya yadi mbili mbili. Kikapendwa kuliko sukari. Wanawake kutoka Ikolo, kutoka vijiji vya mpunga, hata kutoka ufukweni mwa ziwa, walinunua na kumwachia Tumpale palepale ashone.

Watoto hawakuletwa kupimwa. Wakati wa mvua, na mpunga ukiwa unapandwa, hakuna mama wa kumtembeza mtoto maili nane kwenye matope kwa ajili ya futi ya fundi. Huchukua utepe mkavu wa mgomba, humpima mtoto nyumbani, na kufunga mafundo: kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni mabega, hadi la pili ni kifua, hadi la tatu ni urefu. Kamba hiyo humpa yeyote anayekwenda sokoni. Fundi huizungushia kwenye kitambaa cha mwenyewe, basi. Mengine huyaweka kichwani: huyu wa kike, huyu wa kiume, huyu anataka marinda.

Tumpale alipokea kamba thelathini na moja.

Jumamosi iliyopita, katika haraka zake, akapata wazo. Kwa kuwa vitambaa vyote ni vilevile, akafungua kamba zote, akazitundika kwenye msumari kwa mpangilio wa kichwani mwake, na vitambaa akavirundika pamoja apate kuvikata kwa mkupuo. Saa nane mchana upepo wa ziwani ulikuja na mvua ya ubavu. Kwa kuogopa kitambaa kulowa, alizoa kila kitu kwa mikono miwili, akakitupia ndani ya karai na kukimbilia dukani.

Mvua ilipokata, kamba zilikuwa zimesokotana kama kiota cha ndege kwera. Alizitenganisha moja moja. Vipimo vyote vilikuwapo. Wenyewe hawakuwapo. Hakujua ipi ni ya nani, na kibaya zaidi, hakujua ipi ni ya gauni na ipi ni ya shati.

“Kamba haina jinsia,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu kidogo.

Nsajigwa, ambaye huswali msikitini ilhali mama yake ni mzee wa kanisa, alisimama mlangoni akatazama karai.

“Kata yote magauni,” akashauri. “Wavulana utasema wamekosea kuzaliwa.”

“Kaka Nsajigwa, usinichekeshe, nitalia.”

“Basi panda gari nenda Tukuyu kwa kaka yako. Nitawaambia una malaria. Mimi nimewaletea kitambaa cha Krismasi, dada yangu. Akili sikuleta.”

Alisema kwa mzaha, lakini Tumpale alikwenda nyumbani na kufungasha kikapu. Khanga mbili, sabuni, Biblia. Kifuniko cha kikapu kikamshinda kufunga. Akapiga magoti hapohapo sakafuni, si kwa utakatifu, anasema, bali akikandamize kwa uzito wake. Akajaribu kuomba kama anavyoomba siku zote: Bwana, nisaidie nimalize. Akagundua kwamba kila mwaka humwomba Mungu aufanye uongo wake uwe kweli.

“Nikasema, Bwana, mimi ni mwongo. Nimewaahidi watu usichonipa. Nimechoka kujificha. Basi, ni hayo tu. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Nilisikia mabega yangu yanashuka. Tangu mwezi wa kumi na moja yalikuwa huku juu, karibu na masikio, na sikujua.”

Kazi haikupungua hata nguo moja. Ila aliweza kufungua kikapu, na akalala.

Jumapili ya mwisho ya Majilio alikwenda kanisani na karai kichwani. Ibada ikaenda hadi matangazo. Mzee Aliko, aliyekuwa akisoma matangazo, alipouliza kama kuna mwenye neno, Tumpale akasimama. Akaeleza yote: msumari, mvua, karai. Akasema hajui nguo ya mtu yeyote aliyemo humo. Akaomba kila mama amlete mtoto wake apimishwe kamba.

Kisha sauti ya Marta wa Ikolo, mama wa watoto sita mwenye sauti ya kuitia watu ng’ambo ya mto, ikatoka viti vya nyuma.

“Gwe Tumpale! Si nilikwambia mara tatu kwamba wangu ni wa kike? Ulijibu ‘ndiyo mama, ndiyo mama’. Ulikuwa unamjibu nani?”

“Nilikuwa nakujibu wewe, mama. Sikuwa nakusikiliza.”

Watu wakaangua kicheko, wengine kwa hasira. Mwanamke mmoja akabeba mtoto wake na kutoka, akisema atanunua mtumba. Aliko akagonga meza.

“Sasa mmesikia fundi akisema kweli,” akasema. “Muujiza wenyewe ndio huo. Toeni watoto nje.”

Watoto waliokuja ibadani, na wengine waliofuatwa nyumbani mchana huo, wakapangwa chini ya mchirizi wa kanisa, migongo ukutani. Tumpale akapita na kamba moja moja: begani, kifuani, hadi gotini. Ikimpwaya huyu, anahamia kwa anayefuata. Kamba ikikaa sawa, mama mwenyewe anapaza sauti, “Hiyo! Fundo langu hilo!” Na yule aliyetoka kwa hasira akarudi, kwa kuwa mtoto alikuwa analilia maua meupe. Hadi jioni kamba ishirini na sita zilikuwa zimepata wenyewe, na Jumatatu nne zaidi. Tangu hapo Tumpale hajaachia kanyagio ila kwa kula.

Imebaki moja.

Ni fupi, ya mtoto wa miaka minne hivi, nayo ina mafundo manne badala ya matatu. Hakuna aliyeidai. Juzi, akiwa anatia uzi kwenye sindano, Tumpale akakumbuka: mwanamke mfinyanzi kutoka Ikombe, mwenye udongo kwenye kucha, aliyefika siku ya soko akiwa na haraka ya kurudi Matema kuwahi mtumbwi wa kumvusha kwao. Anaitwa Anyes. Alinunua kitambaa, akatoa kamba, akaeleza jambo kuhusu fundo la nne.

“Alieleza vizuri tu,” anasema Tumpale. “Mimi nikamwambia njoo keshokutwa, usiwe na wasiwasi. Mtu anayetoka Ikombe! Hawezi kuja keshokutwa. Ananingojea nimpelekee kwa mtu wa sokoni, na mtoto amekwisha kuambiwa.”

Fundo hilo linaweza kuwa urefu wa kaptura. Linaweza kuwa mkono wenye kasoro, au mguu. Nsajigwa anamwambia akate gauni pana, likimkaa litamkaa. Tumpale hataki. Ametuma ujumbe Matema kwa watu wawili, hakuna jibu. Pikapu ya mwisho kwenda Matema kabla ya sikukuu inaondoka leo saa tisa, na ameamua kuipanda mwenyewe.

Adhuhuri zimebaki nguo nne. Saa saba, tatu. Uzi wa bluu unakwisha, anaendelea na mweusi upande wa ndani. Kila gari linapoguruma barabarani, shingo yake inakakamaa, kisha anaonekana akishusha mabega kwa makusudi, kama mtu anayetua ndoo. Midomo inacheza. Ukimkaribia unasikia anachosema: “Wewe unajua. Wewe unajua.”

Saa tisa kasoro dakika tano dereva anapiga honi. Mikononi mwa Tumpale liko gauni la thelathini, la Hellen, binti wa Marta. Marta mwenyewe amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Limekwisha?”

“Kifungo cha mgongoni bado.” Tumpale anamkabidhi gauni, kifungo, na sindano yenye uzi. “Shona mwenyewe, mama Hellen. Nikikwambia limekwisha nitakuwa nimekudanganya.”

Marta anamtazama fundi, anatazama sindano. “Yaani nikulipe, halafu nishone?”

“Punguza hamsini.”

“Sipunguzi,” anasema Marta, tayari ameketi kwenye ngazi, analenga tundu la kifungo. “Nenda. Na huo mtumbwi shika kingo mbili, usisimame. Nakujua, utataka kusimama.”

Tumpale hajawahi kupanda mtumbwi. Maji humtia kizunguzungu hata darajani. Kikapuni ametia mkasi, nyuzi, chaki, kipande cha mwisho cha yadi mbili na Biblia. Leo atalala Matema. Kesho, ziwa likiruhusu, atavuka hadi Ikombe, amwone mtoto, aulize habari za fundo la nne na kusikiliza jibu, kisha ashone kwa mkono, akikaa mlangoni kwa watu hadi amalize. Krismasi ataimbia huko huko, pamoja na watu wasiomjua kwa jina lolote. Mwakani anakusudia kupokea kamba kumi na tano tu, na kila moja kuibandika kipande cha karatasi chenye jina.

“Naogopa,” anasema, akipandisha kikapu kwenye pikapu. “Ile amani haijaniondolea woga. Imenipa tu pa kukaa nao.”

Kamba ya mgomba amejifunga mkononi, isipotee. Dereva anawasha gari. Kutoka kwenye ngazi Nsajigwa anapaza sauti.

“Fundi! Watu watauliza. Unarudi lini?”

Kibaraza kizima kinageuka kumtazama. Wanalijua jibu; wengine wameshaanza kulisema kimoyomoyo, tayari kucheka. Tumpale anatazama barabara ya ziwani yalikolala maji ya mvua.

“Sijui,” anasema.

Hakuna anayecheka.