Ndege Nimewachora, Rehema Sijamchora

Usiku ule nililala na penseli mkononi, nimenuna. Kesho yake ilikuwa arobaini ya rafiki yangu Rehema, na mama yake alitaka nimpelekee sura ya mwanawe aiweke sebuleni. Picha zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilisagwa na lori pamoja naye. "Si wewe mchoraji? Si mlikuwa mnazurura naye kila Jumamosi?" aliniambia. Kweli tulizurura. Tulichora korongo wa jalalani, tumbili wa juu ya mapaa, sanamu ya twiga pale mzunguko wa stendi, michoro ya ukuta wa soko. Watu hai hatukuwachora. Rehema alikataa katakata, eti ni kuibiana nyota. Basi daftari langu limejaa ndege, yeye hayumo.

Usingizi ukanichukua. Mara tuko jalalani, jua kali, na Rehema amechuchumaa anachonga penseli kwa wembe, kanipa mgongo. Korongo wamemzunguka, wala hawamwogopi. Nilifurahi, jamani! Nikasema leo nimempata.

"Geuka nikuchore," nikamwambia. "Mama yako anaomba."

"Nyota yenyewe ishazimika. Chora tu," anasema, na anageuka.

Lo! Uso ni wa yule mwanamke aliyechorwa kwenye ukuta wa soko, mbeba tenga la nyanya. Nikafumba macho, nikafumbua. Sasa amekaa juu ya sanamu ya twiga, miguu inaning'inia, na uso ni wa dada yangu. Kisha wa muuza magazeti. Nalia, nampigia kelele aache mchezo, na yeye anacheka kile kicheko chake cha kukera.

"Mchezo gani? Hizo sura umezileta wewe. Manyoya ya korongo unayakumbuka yote. Haya, mimi kidoti changu kilikuwa shavu gani?"

Nikasema la kulia. Akaguna. Nikasema hapana, la kushoto, wallahi la kushoto.

"Sikuwa na kidoti," anasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika miguu nimwombe radhi, nikakuta nimeshika saruji ya moto. Sauti yake ikanijia kwa juu, kavu, haina hata chembe ya huruma: "Mpelekee mama sura yoyote. Ataikubali. Na yeye keshanisahau, anaona haya kusema."

Nikazinduka. Kumekucha, shuka limelowa jasho, nina hasira naye kama vile yu hai. Nikachora harakaharaka uso ulionijia, wa msichana nisiyemjua, nikaupeleka kabla wageni hawajafika. Mama Rehema aliushika kwa mikono miwili, akautazama mno.

"Ndiye," akasema, na macho yake hayakuthubutu kukutana na yangu.