Ncha Iliyokataa Kuteleza

Ofisi yetu ya Voi ina dirisha moja, feni inayolia na joto la kukaanga mayai. Humo ndimo ninamopima madaraja kwa kompyuta. Unaiambia daraja limekalia nguzo zake vipi: ncha moja umeikaza, nyingine umeiachia iteleze, maana jua likiwaka zege hutanuka. Na kompyuta huamini chochote unachoiambia, jinga lile.

Mwaka huu nikaletewa daraja la njia ya kwetu, upande wa Rukanga. Mama yangu anaishi ng'ambo ya mto, na hulivuka kwenda kliniki kuchukua dawa za presha. Nguzo moja ilikuwa imeingia nyufa. Kwenye mchoro ncha ya pili inateleza, na kwenye kompyuta kila kitu kilikuwa kijani, yaani salama. Nikaenda kujionea. Kuteleza wapi! Vyuma vya kutelezea vilikuwa vimeliwa na kutu na kujaa mchanga. Mchana daraja likitaka kutanuka halina pa kwenda, basi linaisukuma nguzo.

Nikarudi, nikaikaza ncha hiyo kwenye kompyuta. Nguzo ikawa nyekundu juu mpaka chini.

"Rudisha ilivyokuwa," bosi akaniambia. "Mchoro unasema inateleza."

"Mchoro haujafika Rukanga, bosi."

Akauliza polepole, "Na mvua hiyo inakuja. Tukilifunga, mama yako atapita wapi?"

Wee! Hapo alinipata. Madaraja ya watu wengine nimeyafunga bila kupepesa macho. Mkuki kwa nguruwe, si ndiyo? Nikisema ukweli, nimemfungia mama. Nikinyamaza, siku moja atakuwa katikati nguzo ikikatika. Nilikaa mbele ya ile nyekundu, sina pa kutokea. Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikaandika kwamba lifungwe, nikampelekea bosi, naye akatia sahihi bila kuniangalia.

Wiki hiyo hiyo mto ukajaa. Mama akapiga simu, mkali kama pilipili.

"Hebu niambie, wewe unayekaa na hao watu wa barabara. Ni mbwa gani huyo amefunga daraja?"

"Ni mimi, mama."

Nikasikia mvua ikipiga mabati yake.

"Haya," akasema. "Dawa zangu zimebaki za kesho."