Goti Langu na Isale la Baba

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo goti langu la kulia halijaisahau. Baridi ya Meru ikishuka, lenyewe hunikumbusha, nami husogea karibu na moto nikaikumbuka tena. Nakusimulia kwa sababu Jumapili nilikuona wewe, kijana wa mbio wa kanisa letu, ukishuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani, ukidhani hakuna anayekutazama. Mimi naujua ule ushukaji.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, hata sisi watoto wa wakulima tukapata raba za kukimbilia. Baba yangu alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyehamia huku juu ya Usa River, akapanda kahawa na migomba. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, karo zilikuwa zimerudi, na nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne. Ndipo mawakala wa mbio wakaanza kuja Arusha kutafuta vijana wa kwenda kukimbia Ulaya. Baba, ambaye hapo kwanza alikuwa akiuliza msichana anakimbia anafukuzwa na nani, akageuka. Akawa ananiamsha mwenyewe alfajiri. Akawa ananisubiri kwenye kona ya barabara ya Momela na chupa ya chai.

"Miguu yako," alisema, "ndiyo kahawa yetu sasa."

Lilikuwa neno la upendo, mwanangu. Lakini lilikuwa zito mno kwa goti moja.

Maumivu yalianza kidogo, chini ya pia ya goti. Kupanda mlima sikusikia kitu. Kushuka ndiko kulikonitesa. Nilikuwa nikifanya mazoezi na rafiki yangu Naserian, binti wa wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima, na jicho lake halikupitwa na kitu.

"Wewe leo unashuka kama mbuzi mwenye mimba," alicheka. "Una nini?"

"Raba inabana."

"Raba inabana goti?"

Mwalimu wetu wa mazoezi hakuwa mtu mbaya. Alinifunga bandeji, akanichua kwa dawa kali iliyonitoa machozi. "Aisee, mkimbiaji asiyeumwa bado hajakimbia," alisema. "Mchujo wa wakala umekaribia. Vumilia, utapumzika ukifika Ulaya."

Nikavumilia. Goti likavimba. Ikafika mahali nikawa naushuka mteremko wa kwenda mferejini kinyumenyume, maana kwa njia hiyo liliuma kidogo. Hivyo ndivyo baba alivyonikuta: binti aliyekuwa akimwamsha akimbie, anatembea kama aliyelaaniwa. Alinipeleka hospitali.

Daktari alilibonyeza goti, akalikunja, akalisikiliza kwa kiganja. Akasema gegedu la chini ya pia linalika. "Ukilikimbilia hivi, utazeeka nalo hivi. Lipumzishe, uliimarishe, ndipo ulirudishe barabarani."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Goti halina kalenda, binti yangu."

Njiani nilimwambia baba kwamba nitakimbia. Mchujo ulikuwa Jumamosi, na wakala angekuwepo.

Jumamosi ikafika, na ndiyo ile asubuhi ninayoisema. Nilifunga kamba za raba, nikafungua mlango. Baba alikuwa amesimama uani penye ukungu, na mkononi ameshika isale.

Labda wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Kwetu Wachaga, isale ni jani la kuombea msamaha. Mkosaji hulikata na kijiti chake, akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa hakatai, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Jirani humpelekea jirani, mtoto humpelekea mzazi. Mzazi kumpelekea mtoto, hilo sikuwa nimeliona, wala sijaliona tena.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Alininyooshea lile jani. "Mwanangu, nilikufanya shamba," alisema. "Nisamehe. Usiende."

"Baba, umenifunga."

"Ndiyo. Nimekufunga."

Nikalipokea. Nikavua raba. Kisha nikazunguka nyuma ya jiko nikalitupa lile isale kwenye ua.

Naserian alishinda mchujo ule. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, akajenga nyumba Arusha, mtaa wa Kwa Mrombo. Ni mtu mwema, na chai yake nimekunywa mara nyingi, lakini kila nikiinua kikombe nilikuwa naitazama miguu yake.

Mimi niliketi ukingoni mwa mfereji, mguu ndani ya maji ya mlimani mpaka ufe ganzi. Nililala mkekani nikiinua mguu ulionyooka, soksi iliyojazwa mahindi imening'inia kifundoni. Nilijifunza upya kutembea tambarare kabla ya mteremko. Masika yakapita, yakaja mengine. Siku niliyokimbia bila maumivu nilikwenda mbio kwa mwalimu. Alikuwa na wasichana wengine, wadogo, na wakala yule alikuwa haji tena kwetu. Alinishika bega. "Wewe ulikuwa mkimbiaji," alisema. "Ulikuwa hasa."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, guu likapona, na kilichovunjika kilikuwa kingine. Wadogo zangu wawili waliishia darasa la saba. Miaka ikaenda, nikimwandalia baba chakula, nikimtilia maji mikononi, nikimwamkia kila asubuhi. Neno "nimekusamehe" hakulisikia kwangu. Isale nilikuwa nimelipokea kwa mkono tu.

Kisha baba akaugua, ugonjwa wa kutorudi. Kitanda chake kilikuwa kifupi, nami kila asubuhi nilipiga magoti sakafuni kumwosha miguu. Siku moja alilitazama goti langu.

"Linauma?"

"Haliumi, baba."

"Hata kwenye saruji hivyo?"

"Hata hivyo."

Akageuzia uso ukutani, mabega yakamtikisika. Hapo ndipo Mungu alipoufungua mdomo wangu. "Baba," nilisema, "lile isale nimelipokea. Leo."

"Asante, mama," alinijibu.

Hakufikia mavuno ya kahawa. Tulipotafuta masale ya kupanda kaburini pake, kama ilivyo desturi yetu, nilikwenda nyuma ya jiko. Lile nililolitupa lilikuwa limeshika mizizi uani, limekuwa kichaka. Nilikata hapo.

Basi mwanangu, sitakudanganya kwamba ukipumzika utarudi kuwa wa kwanza. Subira huvuta heri, lakini haikuambii mapema ni heri ipi. Ninachokuambia ni hiki: goti likiuma, sema, usiseme ni raba. Anayekuhimiza uvumilie huenda anakupenda, ila hatakuwepo siku utakapohitaji kushuka ngazi peke yako. Kapumzike, kalitibu goti polepole, lia ukitaka kulia. Na aliyekuzuia kwa ajili ya uzima wako, umsamehe angali anasikia. Mimi ilibaki kidogo tu nichelewe.

Kila Jumapili ya chakula cha Bwana napiga magoti madhabahuni, nainuka bila kushikwa mkono. Si medali, wala si Ulaya. Namshukuru Mungu kwa hilo, na siku nyingine, nikiwa napangusa vumbi magotini, bado nalia kidogo.

Mungu aliyeyaumba magoti yako ayatunze, mwanangu. Akupe mteremko usiokuumiza, na mtu wa kukusubiri kwenye kona na chupa ya chai hata siku ambayo hukimbii. Amina.