Kistari Kilichofifia

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanakwaya wangu, maana wao hawana huruma. Padri wetu alikuwa anarudi Mbinga baada ya kuugua miezi mingi, nami, mwalimu wa kwaya, nikachagua wimbo wa kumpokea. Tulikuwa na vitabu viwili vya zamani vyenye nota za wimbo huo. Katikati ya neno "kufanikiwa", baada ya "kufa", kimoja kilikuwa na kistari, yaani sauti ivutwe. Kingine kilikuwa na nafasi tupu, yaani kimya. Nadhani mtunzi alichora kistari hafifu. Mchapaji mmoja alikiona, mwingine hakukiona.

"Mwalimu, tuvute," alisema Mama Betina wa sauti ya pili. "Hapo neno linakatika pabaya."

"Mama, aliyekwenda semina ya muziki ni nani? Chenye kimya ndicho kilichotangulia kuchapwa."

Mazoezini nilikijaza kimya kile kwa kuhesabu kwa sauti, kwa hiyo sikusikia ubaya wowote. Jumapili sikuhesabu. Kwaya ikaimba, "Baba Padri, tunakuombea kufa," nikafumba ngumi kwa madaha kukata sauti, kanisa zima likanyamaza.

Padri, mifupa mitupu, akasogeza kipaza sauti.

"Amina," akaitikia.