Unga Mwekundu Chooni

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpokea wageni katika hoteli ndogo ya Gisenyi, karibu na ziwa. Nilikuwa nimerudi na wazazi wangu kutoka Tanzania. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu, hivyo mwenye hoteli, ambaye sote tulimwita Patron, aliongea nami kwa Kiswahili cha mpakani, ambacho "kama" yake ni "kwamba" yetu. Barua zote za hoteli niliziandika mimi.

Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta vyumba vya wafanyakazi wake kwa mwaka mzima, na lilitaka hoteli isiyodhuru ziwa. Patron alisimama nyuma ya kiti changu.

"Andika kama hoteli yetu haichafue ziwa hata kidogo. Na uandike kama shimo ya choo haijajaa hata siku moja."

Niliandika. Neno "safi" nililitia mara mbili, kwa hiari yangu.

Shirika lilijibu kwamba neno letu halitoshi, na kwamba hata wao wakituthibitisha, wafadhili wao wangesema wametupitisha tu kwa sababu walikuwa wanatafuta vyumba kwa haraka. Wakatuletea mkaguzi asiye wa kwao wala wa kwetu, mhandisi kutoka Nairobi. Mchana Patron alimwandalia samaki wa kuchoma. Alishukuru, akaenda kula mkate wake kwenye ngazi za nje.

Alasiri alitaka kuona shimo.

"Mnalinyonya kila baada ya muda gani?"

"Hatujawahi," nilisema kwa fahari. "Halijai."

Aliandika kwanza. "Dada, shimo la vyumba kumi na viwili lisilojaa lina mahali linapomwaga."

Sikuwa nimewaza hivyo. Gisenyi tunakaa juu ya mawe ya volkano yenye matundu. Maji yakimwagwa uani hayakai hata dakika. Nilikuwa nayaona kila siku.

Alitia unga mwekundu katika kila choo, akavuta maji. Alinituma ufukweni kuwaeleza wanawake waliokuwa wakiosha sambaza, samaki wetu wadogo, kwamba huenda wakaona rangi ziwani na kwamba haina sumu. Niliwaeleza. Waliitikia kwa adabu, wakaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi maji ya chini ya ukuta wetu yalikuwa ya kijani kikali, kwani unga ule mwekundu ukilowa hugeuka kijani. Yalichuruzika katikati ya mawe mawili na kutanda pale pale walipozamisha mabeseni yao. Mwanamke mmoja mzee kidogo, ambaye nilizoea kumsalimia nikienda kazini, alikuwa amesimama na beseni kiunoni.

"Dada, donc, kumbe hii maji inatokaka pale siku zote, ila tu haikukuwa na rangi?"

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo hakuna aliyenunua samaki wao, na waliwarudisha nyumbani. Nilimwomba Patron awafidie. Alisema rangi ni ya mkaguzi, si yake. Jioni mkaguzi aliwafuata, akawalipa mwenyewe.

Patron alimwomba aandike tu kwamba hoteli itatengeneza.

"Naandika nilichokiona," mkaguzi alijibu. "Mkitengeneza, niiteni."

Patron alinuna wiki nzima, kisha akaita fundi. Shimo la tangi la saruji lisilovuja lilichimbwa mwambani kwa nyundo na patasi, miezi miwili, na mavumbi yake yakaingia hadi kwenye daftari la wageni. Mkaguzi alirudi, akatia unga, akangoja siku tatu ufukweni na daftari lake. Maji ya ziwa yalibaki bila rangi.

Cheti kilifika kwa posta. Kilisema kwamba katika siku zilizopimwa, maji ya vyoo vya vyumba kumi na viwili hayakuonekana kufika ziwani. Kwamba maji ya jikoni na ya kufulia hayakupimwa. Kwamba karatasi ile itatumika mwaka mmoja.

"Hii ni cheti ao ni mashitaka?" Patron aliuliza. Kisha: "Bon. Kwa barua, andika tu kama ziwa haichafuke."

"Karatasi haisemi hivyo, Patron."

"We uko wa nani?"

Niliandika maneno ya cheti yote, pamoja na yale ya jikoni, nikampelekea barua na kalamu. Aliisoma barua mara mbili, akatia sahihi. Shirika lilichukua vyumba vinane.

Nilishuka ufukweni kumpa habari yule mama, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ya jikoni?"

"Hayajapimwa, mama."

Akaokota beseni lake, akasogea mbali na ukuta wetu, upande wa Nyamyumba, ng'ambo ya mawe, akaanza upya kuosha. Wenzake wawili wakamfuata.